Noti Kumi na Moja

Kazi yangu ni ya M-Pesa, pale Kondele, upande wa barabara ya Kakamega. Kibanda ni cha mabati, kimepakwa kijani, na mbele kuna grili yenye tundu la kupitishia pesa na kitambulisho, ukubwa wake kama kisahani cha kikombe. Tangu 2014 nimeuona mji wa Kisumu kupitia tundu hilo. Saa saba jua likishika mabati, ndani ni tanuri. Saa kumi mvua ikipiga, humsikii mteja hata akipayuka, kwa hiyo unajifunza kusoma midomo.

Ndiyo maana najua wanachosema vijana wa boda wakishaweka mia mbili Jumamosi jioni. Hawaondoki. Wanasimama kando ya dirisha, kichwa chini, simu imeshikwa kwa mikono miwili. Kwenye skrini kuna kindege kinachopaa, na kadiri kinavyopaa namba inapanda nacho. Ukitoa hela yako mapema unapata kidogo, ukichelewa kindege kinatoweka na chako kimeenda. Midomo inacheza. "Kaa. Kaa. Kaa kidogo." Mimi nimelelewa kanisani, mamangu alikuwa mtu wa maombi ya alfajiri, na nawaambia kweli kwamba midomo ile na ya mama ni mamoja. Mama tu ndiye alikuwa akifumba macho.

Jumapili ni siku ya Kibuye. Soko linafurika hadi kwenye lami, mitumba, mbao, kuku, viatu vimetandazwa chini kila kimoja kikitafuta mwenzake, na juu ya zogo hilo spika za makanisa matatu zinashindana. Sadaka nyingi siku hizi hutumwa kwa simu. Nambari ya paybill imeandikwa ukutani, chini ya jina la kanisa. Kuna mama mmoja, kitambaa cheupe kichwani, aliniletea 300 nimwekee, ziwe za sadaka. Nikamwekea. Simu yake ikalia mara mbili. Ujumbe wa kwanza ulisema pesa imeingia, wa pili ukasema imetoka. Alikuwa na deni la Fuliza alilolisahau, na huo mkopo ndivyo ulivyo: pesa ikiingia tu, deni linajilipa. Akaitazama simu, akanitazama, akacheka mpaka akashika grili. "Basi leo Mungu atapanga foleni."

Neno lenyewe, kabla halijawa mkopo Januari 2019, lilikuwa na maana yake: kufuliza ni kutenda jambo mfululizo, bila kupumzika. Aliyelichagua alikijua Kiswahili.

Na kwa kuwa tuko kwenye maneno, masikioni mwangu ibada na ada yamekuwa kama ndugu, ingawa huko kwenye Kiarabu yalikotoka kila moja lina mzizi wake. Ibada imetoka kwenye utumwa, kuwa mja wa fulani. Ada ni kile kinachorudi na kurudi. Mimi nikiwa dirishani nimeshindwa kuzitenganisha. Mtu anayekuja kila jioni saa moja na sarafu za siku nzima, akaweka, akasimama palepale na kindege chake, sijui nimwandike kwenye ada au kwenye ibada. Ninachoona ni jicho lake linakokimbilia lenyewe, bila kutumwa na mtu.

Nilikuwa na raha sana ya kuwasoma watu hivi. Nikirudi nyumbani nilimsimulia mke wangu, huyu anaabudu mpira, yule anaabudu mume asiyempokelea simu, yule mwingine salio lake, maana huja kuniuliza salio na simu iko mkononi mwake, anataka tu lisemwe kwa sauti. Yangu mwenyewe sikuwa nimeiona. Nyani haoni, malizieni wenyewe.

Mimi nilikuwa naabudu ujanja. Si ujanja wa kuiba. Shilingi ya mtu sijawahi kuila. Ni ule wa kutoibiwa, wa kutochezwa, wa mtu kuondoka dirishani mwangu akijua kwamba humu ndani hakukaa fala.

Nieleze kidogo kazi yenyewe. Wakala anaamka na pesa za aina mbili, taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Mteja akiweka, taslimu inaongezeka na floti inapungua. Akitoa, kinyume chake. Kamisheni huja baadaye, tena kwa mwenye duka, kwa hiyo jumla ya mbili hizi haitakiwi kusogea siku nzima. Jioni ukijumlisha ukakuta zimepungua elfu mbili, kuna mtu ameondoka nazo, na zitakatwa kwenye mshahara wako. Hakuna kikao.

Mwezi wangu wa tatu nilipigwa 5,700. Mwanamume mwenye tai, sauti laini ya mchungaji, alinipa noti saba za elfu moja nikazihesabu. Simu yake ikalia, akaomba radhi, akazichukua "nihakikishe tena, ndugu yangu, nisikukosee", akanirudishia zimekunjwa pamoja. Nikamwekea 7,000. Alipokwisha kupotelea Kondele nikazikunjua. Nje kulikuwa na elfu moja. Ndani kulikuwa na hamsini sita, zimepangwa vizuri kabisa, vichwa vyote upande mmoja.

Kwa wiki nzima usingizi ulinipaa. Pesa ziliuma, ndiyo, lakini pesa unaweza kuzihesabu na zikaisha. Kilichonikera ni kwamba kulikuwa na mtu mahali fulani, labda anakunywa soda, anacheka, na anayechekwa ni mimi. Nadhani ugonjwa huu niliutoa nyumbani. Sisi tulikuwa watu wa Nakuru, Baba alikuwa na duka la vipuri, na Januari 2008, kwenye zile ghasia za baada ya uchaguzi, tuliondoka na magodoro mawili na redio. Hakuwahi kutuambia ni nani aliyewaonyesha wale vijana nyumba yetu. Lakini tangu hapo hakumwamini mtu kwa kitu kinachozidi bei ya mkate, na alikuwa akisema hivyo mezani, kama wengine wanavyobariki chakula.

Basi nikajitengenezea matendo yangu. Noti ikipita tunduni naisugua kwa kidole gumba nipate mikwaruzo ya chapa, naiinua kwenye mwanga nikitafute kile kichwa cha simba kilichofichwa ndani ya karatasi, naigeuza, naisugua tena. Nilifanya hivyo hata kwa noti ya hamsini. Hata kwa mtoto aliyetumwa na mamake na amebana miguu anataka kwenda haja. Na nyuma ya mtoto foleni yote ilikuwa ya watu wa aina mbili tu, wenye mtego na wenye kunichelewesha. Mzee aliyesahau namba ya siri. Msichana anayeongea na simu ileile ninayotaka aitumie. Jamaa anayeuliza bei ya kutoa 3,000 wakati bango la bei liko juu ya kichwa chake. Ukinisikiliza moyoni ungedhani wote hawa walizaliwa, wakasomeshwa, wakapanda boda asubuhi hiyo kwa madhumuni ya kunisumbua mimi. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, tunasema, na tunamlaumu. Mimi sijawahi kuwamba ngoma, lakini naamini yule anayevuta hajioni akivuta. Yeye anaona ngozi inamponyoka.

Kando yetu kuna mama anayeuza omena. Ni Mlegio, wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki huku Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na rosari haitoki shingoni. Msidhani nawaletea malaika: gorogoro yake, kopo la kupimia, imebonyezwa chini, tena kwa ustadi, na ukiigusa ujue mmegombana. Lakini kila asubuhi akifika ananiambia "Oyawore, umeamkaje?" kisha anangoja. Ndicho kilichokuwa kikiniudhi. Anangoja jibu, karai liko kichwani bado, mpaka useme umeamkaje kwelikweli.

Sasa niseme la 2019.

Tarehe 1 Juni mwaka huo, sherehe za Madaraka zikiwa Narok, gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti mpya zimetoka na kwamba zile za zamani za elfu moja zitakoma kuwa pesa halali Oktoba ikianza. Noti nyingine za zamani ziliachwa zitumike. Iliyosakwa ni ya elfu moja, kwa ajili ya pesa chafu na bandia. Noti mpya zilikuja pia kutimiza Katiba ya 2010, inayokataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa ya nchi. Hivyo Mzee Kenyatta akatolewa, jumba la mikutano la KICC, Nairobi, likawekwa, na ukilitazama vizuri unaona kando yake sanamu ya Kenyatta imekaa kitako palepale. Watu walienda mahakamani kwa hilo. Mimi lilinichekesha tu: umemtoa mtu madhabahuni, akarudi kwa mlango wa nyuma akiwa wa shaba.

Ile miezi minne ilikuwa kama kiama cha kurudisha. Walikuja na noti zilizofukiwa, zilizotafunwa na mchwa, zilizoloweshwa ziwani na wavuvi wa Dunga, nyingine zinanata magamba. Baadaye Benki Kuu ilisema noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Hizo ni shilingi zaidi ya bilioni 7 zilizogeuka karatasi. Nyingine bila shaka zilikuwa za watu wenye sababu ya kuogopa benki. Nyingine zilikuwa kwenye kopo, na mwenye kopo hana redio.

Wiki ya pili ya Oktoba, saa sita hivi, foleni ya watu sita au saba, akafika nyanya mmoja. Dani, kama tunavyosema huku. Akaweka leso kwenye ubao wa tundu, akafungua fundo, akasukuma noti ndani.

Zilikuwa 11, zote elfu moja, zote za zamani. Zilikuwa zimekunjwa mara tatu, na mikunjo ilikuwa imekaa sana hata ile kahawia ikawa nyeupe kwenye mistari. Zilinuka moshi wa kuni. Ya juu kabisa ilikuwa na kitundu pembeni, kama cha pini. Ya tatu, au ya nne, mtu alikuwa ameandika juu yake hesabu kwa kalamu ya buluu, 450 juu, 380 chini, mstari umepigwa, jibu hakuna. Bandia hazikuwa. Nilimwinua simba mmoja baada ya mwingine na wote walikuwepo.

"Hizi bado zinaingia kwa simu?" akauliza.

Kwenye kundi letu la mawakala tulikuwa tumeambizana tujihadhari na watu wanaotuma wazee na noti zilizokufa, ili wakala aone huruma. Nikakumbuka hilo. Nikamkumbuka pia yule wa tai. Nikapaza sauti, na niseme wazi kwamba sikuipaza kwa sababu yeye hasikii, niliipaza kwa ajili ya foleni.

"Dani, nani amekutuma? Rudi umwambie mimi si wa jana."

Watu wakacheka. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Huyu hachezwi."

Dani akasema, "Nilikuwa nauliza tu." Akazirudisha kwenye leso moja moja, akifunga fundo kwa mkono mmoja na meno, na mimi nikaita anayefuata.

Na nilisikia raha, mnielewe. Lile neno, huyu hachezwi, nililibeba hadi nyumbani kama mtu aliyepewa nyama ya kufungiwa kwenye harusi. Nilimsimulia mke wangu. Alinyamaza, nikadhani hajaelewa nikamsimulia tena.

Yakaisha. Usiku mmoja wa 2021 stima ilipotea nikiwa kwenye mahesabu ya kufunga, nikawa nahesabu kwa tochi ya simu, na kwenye bunda la mia mia nikakuta moja imeandikwa namba ya mtu kwa kalamu. Ile 450 na 380 ikanijia hapohapo, hadi mteremko wa ile nane. Nikaona mikunjo, nikasikia moshi. Nikainua jicho la akili kidogo nimwone aliyezileta.

Hakukuwa na mtu.

Nilikaa na tochi ile kama robo saa. Kumbukumbu ya kitu kilichofifia naijua, unapata rangi ya nguo, unapata sauti. Hapa ilikuwa kama picha iliyokatwa kwa makasi: leso, vidole labda, fundo, kisha ukuta. Alikuwa mrefu? Alikuwa na meno? Ndiyo, alifunga kwa meno, basi alikuwa nayo. Nililazimika kumtafutia meno kwa hoja. Sura haikuwahi kuingia ndani, kwa sababu muda wote aliokuwa amesimama umbali wa mkono mmoja nami, macho yangu yalikuwa kwa simba kumi na mmoja.

Mkidhani nitawaambia kwamba baadaye nilisikia alikuwa na mjukuu hospitalini, sina habari hiyo. Sijui alikuwa nani. Inawezekana kabisa alitumwa. Pengine mwenye noti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akimtazama kama mimi ninavyotazama droo. Miaka imepita na bado sijui, na hicho si kisa cha mtu mwema aliyeonewa. Ni kisa cha mtu aliyekuja dirishani na mimi sikuwepo. 830 ndilo jibu la ile hesabu, kwa anayetaka.

Kitabu cha wakala kina safu zake: tarehe, jina, kitambulisho, simu, kiasi, sahihi. Baada ya usiku ule nikaanza kuandika neno moja pembeni, nje ya mstari, mteja akishatia sahihi. "Kikohozi." "Kiraka goti." "Anacheka peke yake." "Bata kwenye kanga." "Kucha nyekundu mkono wa kushoto tu." Sheria niliyojiwekea ni kwamba lazima liwe jambo nililoliona kabla sijaigusa pesa. Siku nzuri nilipata maneno tisa kwa wateja sitini. Mwenye duka alipokuja kukagua akaweka kidole. "Kikohozi ni nini hiki?"

"Ni mteja."

Akaniangalia sana. Akasema angependa zaidi niandike tarakimu zikasomeka. Na alikuwa na haki, kwa sababu wiki hiyohiyo nilipungukiwa 400, mara ya kwanza kwa miezi mingi, na nina hakika zilipita nikiwa natafuta neno la kijana aliyenyoa nusu ya kichwa. Nimezilipa. Mchezo wenyewe sijauacha, ila unaniponyoka. Kuna siku nafungua kitabu jioni na pembeni ni peupe kuanzia asubuhi, wateja hamsini, na mimi nilikuwepo wote wakipita, nikisugua.

Mwezi uliopita mvua ilitufungia, foleni hakuna. Mama wa omena alikuwa amesogeza karai chini ya paa letu, anapepeta. Nikamuuliza, bila kutarajia kitu, kama anamkumbuka dani mmoja wa zamani, aliyekuja na noti zilizokwisha muda.

"Wa sweta la shule?"

Nikasema sijui.

"La kijani, la wavulana. Kiwiko kimetoboka. Mfupi hivi, kidole hiki hakikunjiki." Akanionyesha kidole cha shahada, amekinyoosha. "Alikaa hapo kwenye kreti, akaomba maji."

"Alinunua kitu?"

"Angenunua na nini? Nilimpimia ya mia. Akasema atarudi Jumanne."

"Akarudi?"

"Wapi!"

Nikafanya hesabu ya Jumanne zote zilizopita tangu 2019. "Mama, basi alikupiga."

Akaacha kupepeta. Akaniinua kwenye mwanga, hivyo ndivyo nilivyojisikia, kama anatafuta simba. "Mia?" akasema.

Mvua ikapungua. Mtu akafika tunduni na kitambulisho, nikarudi ndani. Alitaka kutoa 2,000. Nikahesabu mara mbili nikampa, akatia sahihi, akaenda, na mimi nikabaki na kalamu juu ya kitabu, najaribu kukumbuka alikuwa mwanamume au mwanamke.